Makala ya Depo na Shaba ya Zizini

Neno makala lina maana mbili, na leo zote mbili zinanihusu. Msomaji wa Dar es Salaam au wa Mombasa akilisikia hufikiria ukurasa wa gazeti. Sisi wa Lubumbashi tukilisikia tunaona mkaa wa kupikia, gunia jeusi lililozibwa mdomo kwa nyasi, limesimamishwa kando ya barabara, na chini yake chenga na vumbi ambavyo hakuna mpishi anayevitaka. Ninaziandikia hizo chenga. Wataalamu wa udongo wa sehemu nyingi za dunia wanashauri kwamba makala yaliyopondwa, yakichanganywa na samadi tangu siku ya kwanza ya kurundika mboji, hupunguza harufu, huhifadhi naitrojeni, na hushikilia metali nzito kama shaba na zinki ili zisipande kwa wingi kwenye mboga. Ushauri huo ninaukubali. Ninachokipinga ni sentensi moja fupi inayoufuata kila unaposimuliwa kutoka mdomo hadi mdomo, kwamba mboji iliyotiwa makala ni mboji iliyosafishwa. Haijasafishwa, na katika mji wa shaba kama wetu tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana.

Wenye fani huyaita makala hayo bayocha, jina linalotenga makala yanayokusudiwa udongo na yale yanayokusudiwa mbabula, yaani jiko la kupikia. Kwa hakika ni ndugu wa tumbo moja: kuni au mabaki ya mimea yaliyopashwa moto mkali, kwa kawaida kati ya nyuzi 300 na 700, huku hewa ikizuiwa ili yasigeuke majivu. Kinachobaki ni mifupa ya kaboni yenye matundu madogo yasiyohesabika, pamoja na majivu kidogo ambayo huifanya iwe na tabia ya chokaa. Mchoma makala wa porini, anayefunika magogo kwa udongo na kuyaangalia siku kadhaa mchana na usiku, anatengeneza bayocha bila kulijua neno lenyewe.

Kabla ya kusema makala yanafanya nini na shaba, yafaa kuuliza shaba inafikaje zizini. Katika nchi nyingi jibu ni moja tu, nalo ni chakula cha mifugo. Mwili wa kitoto cha nguruwe unahitaji shaba kidogo sana, kiasi cha miligramu 5 au 6 kwa kila kilo ya chakula, lakini wafugaji waligundua zamani kwamba kikipewa mara ishirini au hata mara arobaini ya hapo, kuhara kwake kunapungua na kinakua upesi. Zinki nayo ikawa dawa ya kuhara. Huko Ulaya iliruhusiwa kuchanganywa hadi miligramu 2,500 kwa kilo ya chakula kwa wiki mbili baada ya mtoto kuachishwa kunyonya. Tumbo la mnyama haliwezi kukihifadhi chote hicho. Sehemu kubwa, mara nyingi zaidi ya asilimia 80, hutoka na mavi, na shimo la samadi likawa ghala la metali ambalo hakuna aliyelikusudia. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulishusha kiwango cha shaba kuwa miligramu 150 kwa kilo kwa watoto wa nguruwe hadi wiki ya nne baada ya kuachishwa, kisha 100 kwa wiki nne zinazofuata, na kuanzia Juni 2022 matumizi ya zinki oksidi kama dawa yakakomeshwa. Hoja ilikuwa udongo unaolimbikiza, na pia kwamba bakteria wanaozoea kuishi na shaba na zinki nyingi huzoea vilevile kuzishinda antibiotiki. Wafua shaba wa zamani wa Katanga, eneo letu hili, waliitwa walaji wa shaba kwa sababu waliishi kwa biashara ya metali yao nyekundu. Nguruwe wa siku hizi wanaila kwelikweli.

Kwetu kuna mlango mwingine. Tanuri la kuyeyushia shaba la Lubumbashi lilianza kazi mwaka 1911, na kwa miongo mingi moshi wake, ukisukumwa na pepo zinazovuma zaidi kutoka kusini-mashariki, ulidondosha metali upande wa kaskazini-magharibi mwa mji. Ndiyo maana mtaa wa Penga Penga unajulikana kwa watafiti wa nchi za mbali kuliko unavyojulikana kwa wakazi wa mitaa mingine ya mji huu huu: udongo wake una shaba kwa maelfu ya miligramu kwa kilo, na pamekuwa mahali pa kujaribia majani ya asili yanayostahimili shaba, yakisaidiwa na chokaa na mboji, ili ardhi iliyokuwa wazi ipate kufunikwa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba mkojo wa watu wanaoishi chini ya kilomita 3 kutoka kwenye migodi na viwanda vya kuchakata madini vya Katanga una kobalti nyingi kuliko wa wanaoishi mbali zaidi, na njia walizozitaja ni pamoja na vumbi na chakula. Mtu anakula kwa sahani. Kuku anadonoa chini, na nguruwe anafukua udongo kwa pua mpaka anaumeza. Banda la sakafu ya udongo lililo mahali pa vumbi linaweza kutoa samadi yenye metali hata kama mfugaji hajanunua hata kilo moja ya chakula cha dukani.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama samadi ya mjini Lubumbashi ina metali nzito, ninamuuliza naye banda liko wapi, sakafu yake ni ya nini, na mnyama anakula nini. Maswali hayo matatu ndiyo yenye thamani kuliko jambo lolote linaloweza kufanywa baadaye kwa beleshi, kwa sababu metali ikishaingia kwenye lundo haina mahali pa kwenda. Naitrojeni inaweza kuruka hewani ikiwa amonia. Kaboni inapumuliwa na vijidudu. Shaba haiozi, haichomeki, hairuki, na hapa ndipo hesabu inapoanza kudanganya.

Chukua samadi kavu ya kilo 1,000 yenye miligramu 200 za shaba kwa kila kilo. Ndani yake mna gramu 200 za shaba. Baada ya miezi mitatu ya kuoza vizuri, tuseme asilimia 40 ya uzito wa samadi imekwenda, kama kawaida, na zimebaki kilo 600. Gramu 200 bado ziko palepale, lakini sasa zimegawanywa kwa kilo chache, na kipimo kinasoma miligramu 333 kwa kilo. Sasa rudia kazi ileile, ila siku ya kwanza ongeza kilo 100 za makala yasiyo na shaba ya kutaja. Makala hayaozi, samadi inapoteza kilo zake 400 kama mwanzo, lundo linabaki kilo 700, na kipimo kinasoma miligramu 286. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2019 kuhusu mbolea inaweka mpaka wa miligramu 300 za shaba kwa kilo kwa mboji ya kurutubisha udongo. Lundo la kwanza limeshindwa mtihani, la pili limefaulu, na hakuna hata chembe moja ya shaba iliyotoka. Tumeongeza kitu kingine tu, kama mpishi aliyezidisha chumvi anavyoongeza maji kwenye mchuzi.

Nimeona kwa macho yangu jinsi hesabu hiyo inavyomteka mtu. Mama mmoja wa mtaa wa Kalebuka, anayefuga nguruwe wachache na kulima vitalu nyuma ya nyumba, alirundika malundo mawili mwishoni mwa kiangazi, moja likiwa na chenga za makala na jingine halina. Nilifika siku ya nane. Alikuwa amechomeka nondo mbili za ujenzi katikati ya malundo, na akanitaka nizichomoe mwenyewe. Ile ya lundo lisilo na makala ilitoka na joto la chai iliyosahauliwa mezani, ikanuka amonia hadi macho yakanitoka machozi. Ile ya lundo jeusi sikuweza kuishika kwa hesabu ya tano, na harufu yake ilikuwa ya udongo wa msituni baada ya mvua. Wiki kadhaa baadaye maabara moja ya mjini ilimrudishia karatasi yenye namba moja kwa kila lundo, shaba yote kwa ujumla, na ya lundo jeusi ilikuwa ndogo. Mwanawe wa kiume akafurahi. Yeye mama, ambaye hakusoma kama mwanawe, ndiye aliyeuliza swali lenye akili.

«Papa, haya makala yamekula shaba?»

«Hapana, Mama. Yameishika tu.»

«Na yakiiachilia?»

Swali lake la pili ndilo linalostahili kujibiwa kwa utaratibu, na kulijibu kunataka tuelewe makala hushika kwa mkono gani. Shaba iliyo ndani ya samadi haiko katika hali moja. Kuna sehemu inayoelea majini au iliyoning'inia juujuu, ambayo mzizi unaweza kuinyonya kesho. Kuna iliyofungamana na mabaki ya viumbe. Kuna iliyonaswa ndani ya oksidi za chuma na manganizi. Na kuna iliyofungiwa ndani ya madini kiasi kwamba haitoki ila kwa asidi kali. Kuoza kwenyewe, hata bila makala, huisukuma shaba kutoka hali ya kwanza kuelekea ya pili, kwa kuwa mboji iliyokomaa ina mabaki ya viumbe yaliyogeuka kuwa ute mweusi wa humasi, na humasi huipenda shaba kuliko karibu metali zote za kawaida. Makala huongeza mikono mingine: majivu yake hupandisha pH, yaani hupunguza asidi, na katika hali isiyo na asidi metali nyingi huganda kuwa karbonati au fosfati zisizoyeyuka kwa urahisi, uso wake una vikundi vya oksijeni vinavyofungamana na metali, na kwa kuwa hupitisha hewa, lundo hupata moto haraka na humasi hukomaa zaidi. Jaribio baada ya jaribio, mengi yake yakiwa ya China ambako nguruwe ni wengi na tatizo ni kubwa, limekuta kwamba sehemu ya shaba na zinki inayoweza kunyonywa hupungua mboji ikichanganywa na makala kuliko ikiachwa bila hayo. Hilo ni la kweli na ndilo la kusifiwa.

Lakini si metali zote zenye tabia ya shaba. Zinki hushikwa kwa mkono dhaifu zaidi, na udongo ukichachuka huachiliwa mapema. Kadimi iko jirani na zinki kwa tabia na ni mbaya zaidi kwa mlaji. Aseniki, ambayo zamani iliwahi kuingia kwenye chakula cha kuku kama dawa katika nchi kadhaa na ambayo kwetu huambatana na baadhi ya mawe ya madini, hufanya kinyume kabisa: haina chaji ya aina moja na shaba, na pH ikipanda, au fosfati zikiwa nyingi, inaweza kulegea badala ya kushikwa. Anayeuza gunia la mboji kwa kusema kwamba makala yanafunga metali nzito, bila kutaja ni metali gani, ameficha nusu ya habari katika neno moja.

Kuhusu kuachiliwa, jibu la haki kwa mama wa Kalebuka ni kwamba inategemea udongo unaoupelekea mboji hiyo. Ardhi yetu nyekundu ina asidi, pH yake mara nyingi huzunguka 5, na mvua ya Novemba hadi Machi huiosha chokaa kila mwaka. Tabia ya chokaa iliyoletwa na majivu ya makala itaoshwa pia. Humasi nayo si ya milele. Vijidudu vitaendelea kuila polepole, na kile ilichokishika kitatafuta mshikaji mwingine. Mifupa ya kaboni yenyewe inadumu, kwa miaka mingi sana, na uso wake unapozeeka huongeza vile vikundi vya oksijeni ambavyo makala mapya huwa navyo vichache. Mwaka 2017 utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature Communications ulionyesha kwamba makala yaliyopitia kwenye mboji hujivika utando mwembamba wa mabaki ya viumbe ndani ya matundu yake, na utando huo husaidia kuhifadhi maji na virutubisho. Kwa hiyo makala yaliyoiva pamoja na samadi ni bora kuliko makala makavu yanayomwagwa shambani. Mkono wa makala unabaki, mkono wa majivu unachoka, na mkono wa humasi unahitaji kulishwa. Mtunza kitalu anayeweka mboji kila msimu na kuangalia pH yake anaweza kuuendeleza ushikaji huo, na anayeacha kitalu bila chochote kwa miaka mitano asishangae.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni kuhangaikia kijiti huku gogo liko jichoni: udongo wa mji una maelfu ya miligramu za shaba tayari, tani 20 za mboji kavu kwa hekta zenye miligramu 286 kwa kilo zinaongeza chini ya kilo 6 za shaba, nazo zikichanganywa na tani zaidi ya 2,000 za udongo wa juu hazionekani. Hesabu hiyo ni sahihi kwa mwaka mmoja na kwa Penga Penga. Si sahihi kwa viunga ambako wakulima wamehamia hasa kwa kukimbia udongo mchafu, ambako wanaweka samadi kwa kila zao, mara mbili au tatu kwa mwaka, kwenye vitalu vidogo ambavyo mbolea yake ikipimwa kwa hekta ingewatisha wenyewe. Udongo uliosalimika ndio wa kulindwa kwanza. Na pale palipokwisha kuharibika, mboji yenye makala ina kazi nyingine yenye heshima yake, nayo ni kusaidia majani yaote ili vumbi litulie, hata kama hatutavuna chochote cha kuliwa hapo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulipuuza. Shaba ikizidi humuumiza mmea kabla ya mlaji: mizizi hudumaa, majani hugeuka manjano, na mkulima anaona hasara kwa macho. Kadimi haitoi ilani hiyo. Lengalenga, yaani mchicha, inaweza kuikusanya na bado ikasitawi, ikauzwa kwa bei nzuri, ikapikwa pamoja na karanga, na figo ya mlaji ikahifadhi kile kidogo kwa miongo. Wale wanaojaribu mboji kwa kuotesha mbegu kwenye maji yaliyochujwa kutoka kwake, njia nzuri na ya bei nafuu ambayo ninaipendekeza kwa kila mtu mwenye sahani na karatasi laini, wajue inapima nini. Mbegu za figili zikikataa kuota, mboji haijaiva, au ina amonia, au chumvi, au shaba inayoyeyuka. Zikiota vizuri, hazijasema lolote kuhusu kadimi.

Kwa hiyo maabara, pale mtu anapoweza kulipa, iombwe namba mbili: metali yote kwa ujumla, na ile inayotoka kwa kimumunyo hafifu kama kloridi ya kalsiamu au DTPA (kemikali inayokamata metali), ambayo ndiyo inayokaribiana na unachokipata mzizi. Namba ya kwanza inaeleza utakavyokuwa udongo baada ya miaka ishirini, na ya pili inaeleza mboga ya msimu huu. Makala hubadilisha ya pili kwa kweli, na ya kwanza kwa maigizo tu. Na ni afadhali hesabu ya kwanza ifanywe kwa gramu za shaba katika lundo zima, kabla na baada, kuliko kwa miligramu kwa kilo. Mizani ya sokoni na penseli vinatosha kuumbua mchuzi uliotiwa maji.

Sasa makala yenyewe yatoke wapi? Hapa sina subira. Mtu anayetaka mti wa miombo ukatwe ili kutengeneza bayocha ya kuokoa mboga hajatazama barabara zinazoingia mjini kila asubuhi. Tanuri la udongo la porini hutoa kilo 10 hadi 20 za makala kwa kila kilo 100 za kuni. Kila gunia lina msitu nyuma yake, na mbabula za mji zinatosha kuumaliza bila msaada wa wataalamu wa mboji. Chenga za depo, yaani za maghala ya kuuzia makala, zipo tayari, na magunzi ya mahindi yapo kwa malori katika mji unaoishi kwa bukari, ugali wetu. Magunzi yakichomwa ndani ya pipa lililozibwa, au kwenye shimo la umbo la faneli ambalo moto wa juu hula hewa kabla haijafika chini, hutoa makala laini yenye matundu mengi, na kuyaponda hakuhitaji kinu. Maganda ya karanga vilevile. Yote mawili hutupwa.

Chenga za depo zina kasoro moja ambayo sijaona ikitajwa na wanaozisifia. Hufagiliwa chini. Depo nyingi ziko kando ya barabara kuu, zile zile zinazopitiwa na malori ya madini, na anayefagia anazoa makala pamoja na vumbi la barabara. Ukizichukua bila kuangalia, unaweza kuwa umebeba kwenye beseni moja dawa na ugonjwa. Chekecha, tupa kile chekundu kinachopita kwenye chekeche jembamba, uchukue punje za kati, zenye ukubwa wa mchele hadi wa maharagwe madogo, na uzilowanishe maji kabla ya kuziponda, kwa sababu vumbi la makala kifuani halina tofauti na vumbi lingine. Ukiwa na fedha ya sampuli moja tu ya maabara, ningesema ipeleke ya makala badala ya mboji.

Kiasi nacho huchanganywa mara nyingi. Maandiko husema asilimia 5 hadi 10, lakini ni ya uzito mkavu. Samadi ya nguruwe iliyotoka bandani ina maji robo tatu hivi; kilo 100 zake zina kilo 25 tu za kitu kikavu, na asilimia 10 yake ni kilo 2 na nusu za makala, ndoo ndogo. Nimekuta watu wanaotia kilo 10, lundo linapoa, wanasema samadi ilikuwa mbaya. Kosa la pili limejificha zaidi: kwa kuwa vijidudu vinahitaji kaboni 25 hadi 30 kwa naitrojeni 1, na samadi ya nguruwe ina kama 10 hadi 15, mtu hudhani makala, yaliyo kaboni tupu, yatajaza pengo. Kaboni ya makala haililiki. Vijidudu hupanga ndani yake kama wapangaji, chakula wanatafuta nje. Bado mabua ya mahindi, nyasi kavu au vumbi la mbao vinahitajika, unyevu ubaki kama wa kitambaa kilichokamuliwa, na lundo ligeuzwe hadi ndani na nje vyote vipitie nyuzi 55 kwa siku za kutosha kuua mayai ya minyoo. Kwa upande wa naitrojeni faida ya makala ni ya kweli, na kwa mkulima anayenunua urea kwa bei ya leo, huenda ikawa ndiyo sababu pekee inayomtosha, metali ziwepo au zisiwepo. Ile nondo ya Kalebuka iliyonifanya nitoe machozi ilikuwa ikinionyesha mbolea inayoruka hewani.

Nilimrudia yule mama mwanzoni mwa mvua. Alikuwa amebadilisha chakula cha watoto wa nguruwe, akachanganya mwenyewe pumba na mashudu na kupunguza kile cha dukani, na alikuwa anaokota mawe bapa ili kutandika sakafu ya banda. Lundo jeusi hakulitupa wala hakuliamini moja kwa moja. Alilipeleka kwenye mahindi, ambayo punje zake huchukua metali kidogo kuliko majani, na kwenye shimo la mwembe mpya. Vitalu vya lengalenga na matembele alivitilia mboji ya majani makavu na chenga alizozichekecha, na pembeni ya kitalu alikuwa amesimamisha kipande cha bati chenye tarehe na idadi ya ndoo, kwa mkaa, kwa mwandiko mkubwa.